Sahani Hii Imelipiwa na Nani?



Leo hatukuja na mas-ala ya twahara wala ya mirathi. Tumekuja na habari ya chakula cha mchana. Majuma machache yaliyopita tulialikwa na mwanafunzi wetu wa zamani, aliyeletwa kwetu akiwa na umri wa miaka saba na ambaye leo ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, tukahudhurie kikao cha kila wiki cha klabu yao ya huduma kwa jamii hapa Mombasa. "Maalim," alituambia kwa simu, "njoo uone tunavyokaa na wakubwa. Wiki hii tuna mwakilishi wadi."

Tulisitasita. Vikao vya hoteli hatuvizoei, na wanasiasa tunawazoea kupita kiasi. Tukamuuliza habari ya chakula na habari ya swala, naye akatujibu yote mawili kwa pumzi moja: jikoni ni kwa halali, na msikiti u ng'ambo ya barabara. Basi siku ilipofika tuliswali Adhuhuri kwa jamaa, tukavuka barabara, tukaingia.

Mlangoni palikuwa na meza ndogo, na nyuma yake ameketi mweka hazina na daftari lake. Kila mwanachama aliyefika alitoa fedha za chakula chake, akaandikwa jina, akapewa kikaratasi. Alikuwamo daktari, alikuwamo mwenye duka la madawa, alikuwamo mwanasheria, na wote walilipa sawa. Tulipotia mkono mfukoni mwa kanzu, mweka hazina alitabasamu akasema, "Wewe, Sheikh, umeshalipiwa na aliyekualika. Na Mheshimiwa analipiwa na klabu. Hapa hakuna sahani isiyojulikana imelipiwa na nani."

Maneno hayo wakati ule tuliyapita kama mtu apitavyo jiwe njiani. Tulikuja kuyarudia usiku.

Yafaa kwanza tuwaeleze wasomaji vikao hivi vilitoka wapi, kwani wengi wetu huona vibao vya klabu hizi kwenye kisima au kwenye wodi ya hospitali tusijue ni watu gani. Iliyo mashuhuri zaidi ni Rotary. Ilianza Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, pale mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao. Wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na jina Rotary likatokana na kule kuzunguka. Miongoni mwa kazi zao za mwanzo za hadharani ilikuwa kulihimiza jiji lao lijenge vyoo vya umma. Huenda msomaji akacheka, lakini mama aliyewahi kutembea mjini na mtoto mdogo anajua kwamba hilo si jambo la kuchekesha. Na jambo lile halikuwezekana bila ya kuwaendea wenye madaraka ya jiji na kuwashikilia. Klabu zile zilitambua mapema kwamba mtu hawezi kuuhudumia mji wake akakwepa kuzungumza na wanaoutawala.

Hapa kwetu Kenya, klabu ya Nairobi iliundwa mwaka 1930, enzi za ukoloni. Ada ya kukutana kila wiki, aghalabu kwa chakula cha mchana, ilishikwa kwa muda mrefu kama sharti, mpaka mwaka 2016 klabu ziliporuhusiwa kupunguza vikao vyao hadi viwili kwa mwezi zikitaka. Nyingi zimebaki na wiki. Na wazazi wanaokumbuka matone ya polio yaliyokuja mlangoni, wajue kwamba tangu mwaka 1985 watu hawa wamo mstari wa mbele katika kampeni ile duniani, hata Afrika ikatangazwa tarehe 25 Agosti 2020 kuwa imeepukana na virusi vya asili vya polio.

Hatusemi haya kwa kuwasifu bila kipimo. Kwa zaidi ya miaka 70 mlango wao ulikuwa umefungwa kwa wanawake. Mwaka 1977 klabu ya mji mdogo wa Duarte, huko California, iliwaingiza wanawake, na mwaka uliofuata ikanyang'anywa hati yake kwa sababu hiyo. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua upande wa klabu ile ndogo. Mwaka 1989 mlango ukafunguliwa duniani kote, na mwaka 2022 mwanamke wa kwanza, Jennifer Jones wa Canada, akaushika urais wa Rotary nzima. Na mpaka leo mtu haingii mpaka aalikwe, na bei ya sahani ya hoteli haifikiwi na mama auzaye mahamri. Kwa hiyo tuliketi pale tukiyajua hayo. Tulikwenda kuangalia adabu zao tu, na cha mtu kikiwa kizuri hakikatazwi kuigwa.

Saa saba na nusu rais wa klabu, mama wa makamo, aligonga kengele ndogo iliyokuwa mezani. Watu wakala, wakazungumza, na mtu mmoja wanayemwita sajini akapita akitoza faini za mzaha: huyu amechelewa, yule simu yake imelia, mwingine amesahau beji yake. Fedha hizo huingia mfuko wa sadaka. Mheshimiwa alikuwa bado. Alifika dakika ishirini na tano baadaye, na vijana wawili nyuma yake wamembebea simu. Tulidhani watu watasimama na kupiga makofi. Sajini alimwendea na kikapu chake. "Mheshimiwa, dakika ishirini na tano, shilingi mia mbili." Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka, akatoa. Sisi hatukuwahi kumwona mkubwa akitozwa kwa kuchelewa. Katika mikutano yetu anayechelewa ni yeye, na wanaotozwa ni watoto waliochoshwa na jua.

Kabla hajasimama kusema, rais alimsomea masharti mbele ya watu wote. Ana dakika ishirini. Baada yake ni maswali ya dakika kumi na tano. Hatazungumzia uchaguzi wala wapinzani wake, kwani katiba ya klabu hizi inakataza kumpendekeza mgombea yeyote, na inakataza hata kujadili ubora au dosari za mgombea mkutanoni. Atazungumzia kazi aliyopewa. Tulivutiwa na jambo hili kuliko tulivyotazamia. Mara nyingi husikia watu wa dini wakisema, "Siasa tuiache nje," wakiwa na maana ya kunyamaza kabisa. Hawa walikuwa wameacha nje ushabiki, na maswali wakayaingiza ndani.

Mheshimiwa alisema vizuri, ulimi anao. Alieleza mpango wa kuleta maji katika mitaa ya wadi yake, akataja matangi, mabomba na visima. Dakika ya ishirini kengele ikalia akiwa katikati ya sentensi, na rais akamshukuru kwa upole, akafungua maswali.

Aliyesimama kwanza alikuwa mama aliyevaa mtandio wa buluu, mwalimu wa shule ya msingi. Hakutoa hotuba. Alisema, "Mheshimiwa, ahsante kwa maelezo. Mradi huu umo katika bajeti ya kaunti ya mwaka huu, au haumo?"

Mheshimiwa akaanza mbali. Akaeleza ugumu wa kazi yake, akaeleza fedha zinavyochelewa kutoka Nairobi, akaeleza mapenzi yake kwa wananchi. Rais akamngoja amalize, kisha akasema bila ya kupandisha sauti, "Mheshimiwa, mwalimu ameuliza umo au haumo."

Kukawa kimya, hata vijiko vikatulia.

"Haumo," akasema. "Mwaka huu haumo."

Neno hilo moja lilitustaajabisha kuliko hotuba nzima. Tumewasikia wanasiasa kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye maulidi, kwenye mazishi, kwenye ufunguzi wa vyoo vya madrasa, na hatukumbuki kumsikia hata mmoja akijibu kwa neno moja. Na ajabu ya pili ni kwamba hakuvunjiwa heshima. Mwalimu alimshukuru kwa kusema kweli, akamwomba aeleze atafanya nini ili mradi uingie mwaka ujao. Akaeleza, na safari hii akaeleza kama mtu anayezungumza na watu wazima. Katibu akaandika. Mwisho wa kikao katibu akayasoma kwa sauti mambo matatu aliyoyaahidi, pamoja na tarehe, na akasema yatasomwa tena baada ya miezi mitatu, Mheshimiwa akiwepo au asiwepo.

Likabaki jambo moja. Akiaga, Mheshimiwa alitoa bahasha, akasema ni mchango wake kwa mradi wa klabu wa madawati. Rais aliipokea kwa macho tu, mikono haikuinuka. "Tunakushukuru. Mchango pitisha kwa mweka hazina siku nyingine, upewe risiti. Leo umekuja kuulizwa." Bahasha ikarudi mfukoni, na wakapeana mikono kwa furaha.

Tulirudi nyumbani na tumbo limeshiba na moyo hauna raha. Usiku, baada ya Isha, yale maneno ya mweka hazina yalitujia: hapa hakuna sahani isiyojulikana imelipiwa na nani. Na yalitujia pamoja na sura ya mama mmoja wa mtaani kwetu.

Tutawasimulia, ingawa simulizi hii haitupambi. Mwaka uliopita kulikuwa na mkusanyiko wa kina mama katika uwanja wa madrasa yetu. Mgeni alikuwa mwanasiasa, ambaye hatutamtaja. Alileta masufuria ya biriani, alileta leso kwa kila mama, na wakati wa kuondoka kila mmoja wetu tuliokaa mbele alitiwa bahasha mkononi. Sisi pia. Mkono mtupu haulambwi, wasema wahenga, na siku ile mikono haikuwa mitupu. Tuliomba dua ndefu.

Katikati ya shughuli, mama kijana mwenye mtoto mgongoni aliinua mkono. Tulilijua swali lake, kwani mtaa mzima ulikijua kisa chake. Zahanati iliyo karibu nasi haikuwa na mkunga usiku. Uchungu ulimshika saa nane za usiku, akapakiwa kwenye tuktuk kwenda hospitali kubwa, na akajifungua njiani, mama mkwe wake akimshika kwa mikono miwili na dereva akimulika kwa simu. Alhamdulillahi wote wawili walisalimika. Lakini mama yule alitaka kuuliza jambo moja mbele ya mtu mwenye madaraka: mkunga wa usiku atakuja lini?

Sisi ndio tuliomzuia. Tulimwinamia tukamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo ni siku ya shukrani. Maswali yana siku yake." Akaushusha mkono. Kwa adabu aliyolelewa nayo hakuweza kumjibu mzee, sembuse sheikh. Na siku hiyo ya maswali hatukumpangia, si wiki iliyofuata wala mwezi uliofuata.

Tulipokuwa tukimnyamazisha tulidhani tunalinda heshima ya mgeni. Leo tunasema kweli: tulikuwa tunalinda biriani. Mwenyeji aliyelishwa na mgeni wake hana tena cheo cha mwenyeji, na aliyepokea bahasha haulizi bajeti. Wale wa hotelini hawakuwa mashujaa kutushinda sisi, wala mwalimu yule hakuwa na elimu kuliko kina mama wetu. Tofauti ilikuwa mlangoni, kwenye ile meza ndogo yenye daftari. Walikuwa wamelipia sahani zao, na mgeni alikuwa anakula chao. Ndiyo maana vinywa vyao vilikuwa vyao.

Wanafunzi wetu wanakijua kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarejea akiligawa alilokuja nalo mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi, na jinsi Mtume alivyokasirika, akahoji kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake zawadi ile ingemfikia. Tumekisomesha mara nyingi, tukiwasema watumishi wa serikali. Hatukuwahi kujiuliza kwa upande wa pili: nasi tungekuwa hatuna uwanja, wala kina mama wa kukusanya, wala mimbari, bahasha ile ingetufikia?

Na tusijidanganye kuwa ni jambo la ukarimu tu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inahesabu kuwa ni kosa kumlisha, kumnywesha au kumpa mpiga kura fedha ili kuivuta kura yake. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na masufuria yatazidi kadiri siku zinavyokaribia.

Basi tufanye nini, sisi tusio na hoteli? Tuliwaendea kina mama wa mtaani kwetu, wale wa chama cha kuweka akiba wanaokutana kila Jumamosi baada ya Alasiri, na kwanza tukamwomba radhi yule mama kijana mbele ya wenzake. Alitazama chini, akasema, "Yamepita, Sheikh." Kisha mama mkwe wake, aliye mkubwa wa chama kile, akasema, "Hayajapita. Mkunga bado hajaja." Akacheka, nasi tukacheka kwa haya.

Tukawasimulia tuliyoyaona hotelini, nao wakayapanga upya kwa akili zao wenyewe. Kila mama atakuja na chakula chake kidogo, huyu chapati, huyu mbaazi, huyu chai ya maziwa, na mgeni atakula katika hicho. Mgeni apewe muda, na saa ya ukutani ya madrasa ndiyo itakayokuwa kengele. Wagombea na vyama visitajwe. Maswali yawe matatu tu, yaliyokubaliwa mapema, na kila swali liwe la kujibiwa kwa ndiyo au la, kwa tarehe au kwa kiasi. Binti mmoja wa kidato cha nne awe katibu, aandike ahadi na kuzisoma.

Nasi tukawasaidia kwa hili dogo tulijualo. Kwa Katiba ya 2010, zahanati ni kazi ya kaunti, kwa hivyo swali la mkunga liende kwa wa kaunti na wala si kwa mbunge. Mwakilishi wadi haajiri mkunga. Kazi yake ni kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti, kwa hiyo aulizwe amelifuatilia wapi na lini. Makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayeuliza Agosti atajibiwa kwa dua. Na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ombi lililoandikwa linapasa kujibiwa ndani ya siku 21. Karatasi moja ya daftari yatosha, na kwa Kiswahili.

Wako wasomaji watakaosema kwamba kumhoji mgeni ni ufidhuli katika mila zetu. Twawajibu kwa msemo wa wazee wetu wenyewe: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji anyamaze. Na wako watakaosema kwamba maskini haachi biriani kwa ajili ya swali. Hilo ni zito zaidi, wala hatulipuuzi. Tunajua nyumba ambazo nyama huonekana siku ya karamu tu. Lakini nyumba hizohizo ndizo zinazopanda tuktuk saa nane za usiku.

Barua ya mwaliko iliandikwa na yule binti, ikasainiwa na kina mama kumi na tisa, wengine kwa kidole gumba. Ilipelekwa kwa mkono mpaka ofisini. Siku sita baadaye alipiga simu msaidizi wa Mheshimiwa. Akasema Mheshimiwa amefurahi sana na atakuja, isipokuwa anauliza wageni watakuwa wangapi, apate kujua alete masufuria mangapi.

Simu ilikuwa mkononi mwa yule mama mkwe, na sisi tulikuwa tumesimama karibu. "Mwambie aje na jibu la mkunga," alisema. "Chakula kipo."

Ni Jumamosi hii, baada ya Alasiri, inshaAllah. Swali la kwanza ataliuliza mama kijana.